Kilomita Nne

Barua ilikuwa na picha moja na mistari michache. Picha ilionyesha gari langu kwa nyuma, taa zikiwa zimewaka, barabara ikiwa tupu mbele yake na nyuma yake, na kwenye kona ya chini tarakimu nyeupe: saa 11 na dakika 48 alfajiri, kasi 54, kikomo 50. Niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni, funguo zikiwa bado mkononi, kisha nikaigeuza kuona kama nyuma kuna maelezo zaidi, labda kosa jingine kubwa ambalo ndilo hasa lililowafanya wajisumbue kuniandikia. Nyuma hapakuwa na kitu isipokuwa namna ya kulipa.

Kilomita nne.

Fedha yenyewe haikuniuma sana. Kilichoniuma ni ile nne. Kwa miaka yote niliyoendesha nimeishi na imani ambayo kila dereva ninayemfahamu anayo, ingawa hakuna hata mmoja aliyewahi kuisoma mahali popote: kwamba kibao kinaposema 50 maana yake ni 60, na kwamba atakayekupiga tochi ukiwa kwenye 54 ana jambo lake na wewe. Sasa mashine isiyo na jambo na mtu yeyote ilikuwa imekataa kuitambua imani hiyo.

Siku ileile nilikaa kuandika makala ya kupinga sheria ya kuwabana madereva bila kuwaachia hata kilomita moja. Niliandika aya mbili kali, nikaziacha. Wiki sita zimepita tangu siku hiyo, na aya zile nimezifuta.

Mawe matatu

Utetezi wangu wa kwanza ulikuwa kibao. Nilikuwa na hakika kwamba kimefunikwa na tawi la mti, kiasi kwamba niliwahi kuapa mbele ya watu kuhusu tawi hilo. Jumamosi moja nikaenda pale kwa miguu nikiwa na simu mkononi ili nipige picha ya ushahidi.

Kibao kilikuwa wazi kabisa.

Tawi lilikuwepo kweli, lakini upande wa pili wa barabara, likifunika kibao cha wanaoelekea kule nilikotoka mimi. Kumbukumbu yangu ilikuwa imelivusha barabara ili lije kunitetea. Niseme wazi kwamba jambo hilo lilinitisha kuliko faini, kwa sababu nilikuwa tayari kuapa tena.

Kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kufika, na hasira ilikuwa imekosa pa kushika, nilibaki pale nikatazama. Mbele kidogo ya kibao kuna kivuko cha waenda kwa miguu ambacho rangi yake imefifia. Nyumbani nilikuwa nimefanya hesabu kwenye karatasi, hesabu ya shule tu. Nilimpa dereva sekunde moja ya kushtuka na kuhamisha mguu, nikalipa gari breki nzuri kwenye lami kavu, kiasi cha kupunguza mita 7 kwa sekunde katika kila sekunde inayopita. Anayekwenda kilomita 50 kwa saa hula karibu mita 14 kabla mguu haujagusa breki, na karibu mita 14 nyingine breki zikiwa zimeshika. Jumla ni mita 28. Nilihesabu hatua ndefu 28 kutoka kwenye kivuko kurudi nyuma, nikaweka jiwe pembezoni mwa barabara. Anayekwenda 54 anahitaji mita 31, kwa hiyo jiwe la pili likakaa hatua tatu nyuma ya la kwanza. Anayekwenda 60 anahitaji 36 na nusu, nikaweka na la tatu.

Nilipotazama lile pengo la hatua tatu nilicheka. Hatua tatu ndizo zilizoniletea barua!

Kicheko kiliisha nilipoigeuza hesabu. Chukua magari mawili yaliyo sambamba kwenye jiwe la kwanza, moja likienda 50 na jingine 54, kisha mtu aingie kwenye kivuko. La kwanza linasimama pua ikigusa mstari wa kwanza mweupe. La pili, kwenye mstari uleule, halijasimama. Linapita hapo likiwa bado na kilomita 25 kwa saa. Nilirudia hesabu mara tatu nikidhani nimekosea. Lile la 60 linafika kwenye mstari na kilomita 40.

Sababu yake ni kwamba nguvu ya gari linalokwenda haikui kwa kufuata kasi yake bali kwa kufuata kasi ikizidishwa kwa kasi yenyewe, na breki huila nguvu hiyo kwa kiwango kilekile katika kila mita. Mwanzoni kasi hushuka kidogo kidogo. Ni katika zile mita chache za mwisho ndipo inapoporomoka. Kwa hiyo anayekosa mita tatu za mwisho hakosi sehemu ndogo ya kazi. Anakosa ile sehemu ambayo gari lingegeuka kutoka kitu kinachovunja mfupa hadi kitu kilichosimama.

Mzee mmoja aliyekuwa ameketi kivulini alikuwa akinitazama muda wote huo.

"Kijana, umepoteza nini hapo?"

"Shikamoo, mzee. Sijapoteza kitu. Napima magari yanaposimamia."

Alinyamaza, akayatazama mawe yangu moja baada ya jingine, kisha nikamweleza la kwanza ni la nani, la pili ni la nani na la tatu ni la nani.

"Basi hilo la tatu livute nyuma zaidi," akasema. "Hapa hakuna anayepita na sitini."

Nne zangu na nne za wote

Bado nilikuwa na jibu. Saa 11 alfajiri hapakuwa na mtu kwenye kivuko, na picha yao wenyewe ilithibitisha hivyo. Nne zangu hazikumgusa yeyote.

Jibu hilo lina ukweli, na sidhani kwamba watetezi wa sheria kali hulitendea haki. Dereva mmoja anayezidisha kilomita nne kwenye barabara tupu karibu kila mara hufika salama, na hiyo ndiyo sababu haamini kwamba amefanya kosa. Tatizo ni kwamba kosa hili halionekani kwa mtu mmoja. Mtafiti wa Sweden, Göran Nilsson, alionyesha miongo kadhaa iliyopita kwamba ajali za vifo katika barabara hubadilika takriban kwa wastani wa kasi uliopandishwa hadi kipeo cha nne, na Shirika la Afya Duniani hulieleza jambo hilohilo kwa urahisi zaidi: wastani ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kifo hupanda kwa takriban asilimia 4. Nne juu ya 50 ni asilimia 8. Barabara ambayo kila mtu ameamua kujiongezea nne kama zangu inatarajiwa, kwa kanuni hiyo, kuzidisha ajali za vifo kwa zaidi ya theluthi moja, bila ya dereva hata mmoja kujiona mkorofi.

Nilipiga pia hesabu ya faida. Kwenye kipande kile cha barabara, kiasi cha kilomita tatu, nne zangu ziliniokolea sekunde 16.

Sijui nilizitumia kwa nini.

Msamaha ni wa nani?

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi, kwa sababu hapa ndipo fikra zangu zilipogeuka.

Watu wanaobishana juu ya jambo hili hubishana kana kwamba kuna nchi za huruma na nchi zisizo na huruma. Ukitazama kwa karibu, karibu kila mahali kuna kiasi kinachoachiwa. Kinachotofautiana ni maelezo ya kwa nini kinaachiwa. Ujerumani hukata kilomita 3 kutoka kwenye kipimo cha kamera ikiwa kasi ni chini ya 100, na asilimia 3 ikiwa ni zaidi. Ufaransa, kwa kamera zilizosimikwa, hukata 5. Makato hayo hayamhusu dereva hata kidogo. Ni ya chombo: kila kipimo kina kosa lake, na serikali haitaki kumtoza mtu kwa kosa la mashine yake. Uingereza ina jambo la aina nyingine. Mwongozo wa wakuu wa polisi unapendekeza hatua zianze kwenye kikomo pamoja na asilimia 10 na maili 2 juu yake, yaani 35 pale penye 30. Ni mwongozo tu, haumfungi askari, lakini kila dereva anaujua, na kikomo anachokijua moyoni ni 35.

Tofauti ya mambo hayo mawili sikuwahi kuiona kabla. Nafasi inayoachwa kwa ajili ya chombo ni ya haki, na mtu yeyote anaweza kuielezea kwa sababu inayopimika. Nafasi inayoachwa kwa ajili ya dereva, hata ikiwa ndogo, hugeuka kuwa kikomo kipya mara tu inapojulikana, na juu ya kikomo hicho kipya watu huanza kuomba nafasi nyingine.

Utetezi wangu uliofuata, bila shaka, ulikuwa kwamba hata kipimo cha gari langu kina kosa. Nikaufuatilia, na huo nao ukanigeukia. Kanuni nambari 39 ya Umoja wa Mataifa kuhusu magari, inayofuatwa na nchi nyingi, inakataza kipimo cha mwendo kuonyesha kasi iliyo chini ya kasi halisi. Kinaruhusiwa kuzidisha, hadi asilimia 10 na kilomita 4 juu yake. Kwa maneno mengine, ukiona 50 kwenye dashibodi, kuna uwezekano mkubwa kwamba unakwenda 47 au 48. Labda uwe umevua matairi ya kiwandani ukavisha makubwa zaidi, gari lako linakudanganya kwa upande wa usalama. Na mimi, ili kamera inikute kwenye 54, mshale wangu ulikuwa kwenye 54 au zaidi.

Msamaha niliokuwa nikiudai nilikuwa nimekwisha kupewa, ndani ya gari, nikautumia, kisha nikadai mwingine.

Afande mwema

Kuna jambo la zamani ambalo barua ile ililifukua. Miaka mingi iliyopita askari wa usalama barabarani alinisimamisha kwa kasi iliyozidi, zaidi sana ya nne. Nilishusha kioo, nikasema kwa sauti ya unyenyekevu ambayo sisi madereva tunaijua, "Afande, samahani sana." Alinitazama, akalitazama gari ambalo nilikuwa nimeazima na lilikuwa zuri, akatazama shati langu. "Nenda," akasema, "lakini punguza, ndugu yangu."

Niliondoka nikimsifu. Kwa miaka nimelisimulia tukio hilo kama mfano wa utu ambao mashine haiwezi kuwa nao. Nilichokuwa nikikiacha katika simulizi ni dereva wa lori bovu aliyekuwa amesimamishwa mbele yangu, ambaye nilimkuta amesimama kando ya mlango wake na nikamwacha amesimama vilevile, akiwa na vidole juu ya karatasi iliyolowa jasho. Huenda kosa lake lilikuwa kubwa kuliko langu. Huenda lilikuwa dogo. Ninachojua ni kwamba hakuna aliyemwita ndugu yangu.

Hiari ya kusamehe, ikikaa mikononi mwa mtu aliyesimama barabarani na mamlaka yake, huenda kwa wenye sura ya kusamehewa. Mara nyingine huenda kwa wenye chochote mfukoni. Hata inapotolewa kwa moyo safi, kama ninavyoamini kwamba afande yule aliitoa, haina njia ya kuwafikia wote sawasawa, na aliyeikosa hana pa kukata rufaa kwa sababu kisheria hakunyimwa kitu.

Kuna wanaostahili kusikilizwa: aliyekuwa akimkimbiza mgonjwa, aliyekuwa akikwepa hatari. Lakini watu hao wanaweza kusikilizwa baadaye, kwa maandishi, na mtu anayelazimika kuandika sababu ya uamuzi wake. Barua yangu ilikuwa na nafasi ya maelezo, mistari mitano. Niliiacha wazi, maana cha kuandika pale sikuwa nacho.

Macho

Pingamizi moja sijaweza kulimaliza. Dereva anayejua kwamba kilomita moja tu itamgharimu ataacha kutazama barabara, atatazama mshale. Kwenye kilomita 50 kwa saa, kila sekunde ya kuinamia dashibodi ni mita 14 za upofu, sawa na nusu ya umbali kutoka kwenye jiwe langu la kwanza hadi kwenye kivuko. Sheria ya kulinda watu haipaswi kuwanunulia upofu.

Kwa siku kadhaa nilijaribu mwenyewe. Nilitembea kwenye 50 kamili, na ni kweli, macho yalikuwa yakishuka kila mara, nikachoka. Kisha nikajiuliza kwa nini hasa nimechagua 50. Hakuna aliyenilazimisha kuishi ukingoni. Nilipokaa kwenye 46 au 47, mshale ulipanda na kushuka wenyewe na sikuwa na haja ya kuutazama, sauti ya injini ilitosha. Nadhani hofu hii ni ya mtu anayekichukulia kikomo kama shabaha. Hata hivyo silitupi pingamizi lote, kwa sababu ipo miteremko mirefu ambapo gari huchukua kasi lenyewe, na kumbana mtu kwa kilomita mbili chini ya mteremko kunanuka hila. Tangu Julai 2024 kila gari jipya linalosajiliwa katika Umoja wa Ulaya lazima liwe na mfumo wa kumwonya dereva anapovuka kikomo, ingawa anaweza kuuzima au kuushinda kwa mguu. Huenda mjadala wa macho ukaishia huko.

Barabara inayokualika

Kabla hatujakubaliana kubanwa hivi, lipo deni la upande wa pili. Kibao cha 50 kwenye barabara pana kama uwanja wa ndege, iliyonyooka, isiyo na nyumba wala njia ya miguu, kinabishana na barabara yenyewe, na dereva husikiliza barabara. Kuweka kamera mahali pa namna hiyo, tena nyuma ya daraja, ni kuvuna. Watu wanaochukia kamera hawachukii hesabu za fizikia. Wanachukia kuhisi kwamba wamewindwa.

Sweden inanivutia kwa hili. Mwaka 1997 bunge lake lilipitisha lengo la kufikia sifuri, lakini sifuri hiyo ni ya vifo na majeraha makubwa, wala si ya uvumilivu. Maana yake ni kwamba mtu akifa barabarani, mhandisi aliyeichora barabara naye ana swali la kujibu. Kamera zao hutanguliwa na vibao vinavyosema wazi kwamba mbele kuna kamera. Lengo lao ni upunguze mwendo, hawana haja na picha yako.

Ajabu ni kwamba mtu anayehesabiwa kuwa baba wa kamera hizi, Mholanzi Maurice Gatsonides, alikuwa dereva wa mashindano, na chombo chake cha mwanzo alikitaka ili ajue namna ya kupita kona kwa kasi zaidi.

Ndogo, isiyokosa

Nilipoanza, niliposikia habari ya kutoachia hata kilomita moja nilisikia ukali: faini nzito, leseni kunyang'anywa, mtu kuaibishwa kwa nne. Nadhani wapinzani wengi husikia hivyohivyo, na baadhi ya watetezi pia, maana wapo wanaoufurahia huo ukali. Lakini kutokosa na kuumiza ni vitu viwili, na kwa kawaida kimoja hukifukuza kingine. Adhabu inapokuwa kubwa mno, kila aliye njiani hutafuta namna ya kuikwepa, askari huona haya kuitoa, na madereva huwashiana taa kuonyana kwamba mbele kuna tochi. Adhabu ndogo ambayo hakika itakuja haina wa kumwonea huruma.

Ufaransa ilifanya jambo la namna hii mwanzoni mwa 2024: anayezidisha kikomo kwa chini ya kilomita 5, baada ya makato ya chombo, bado analipa faini, lakini hapunguziwi tena alama kwenye leseni. Wapo walioliita kulegeza. Mimi naona limekuwa rahisi zaidi kulitekeleza bila kupepesa macho. Na fedha zenyewe zina utata wake, kwa kuwa kiasi kilekile humwuma mmoja kwa wiki nzima na mwingine hakihisi. Finland hupima faini kubwa kwa kipato, na mwaka 2002 mkurugenzi mmoja wa Nokia alitozwa euro 116,000 kwa kuendesha pikipiki kwenye 75 penye 50, ingawa baadaye zilipunguzwa. Kwa kilomita nne sioni haja ya kufika huko. Kwa ishirini na tano, naona.

Kwa hiyo kama ningeulizwa leo, ningejibu hivi: kata kosa la chombo, litangaze kwa tarakimu, na juu ya hapo usimwachie mtu, awe na gari zuri au lori bovu, lakini barua ya kwanza ya mwaka iwe onyo, na ya pili iwe ndogo. Ningejibu hivyo, kisha ningeuliza ni lini mara ya mwisho kibao chenyewe kilikaguliwa.

Nililipa. Siku hiyohiyo niliandika barua ya pili, kuhusu lile tawi la upande mwingine, kwa sababu wanaotoka kule nao hupigwa picha na wao hawaoni kitu.

Juzi nimepita pale mshale ukiwa kwenye 47, na gari lililokuwa nyuma yangu likiniwashia taa mfululizo. Tawi bado lipo. Jiwe la tatu limetoweka. Mawili ya mwanzo yako palepale nilipoyaweka, na mzee, kivulini, aliniinulia mkono.